Tundu la Tano

Ubao wameuchonga kutoka dawati la shule.
Ukiuinamisha unaona bado: MALIMI, LA NNE B,
na mshale usioelekea kokote.
Fundi Masalu alitoboa matundu matano,
la mwisho keekee ikamponyoka, likawa pana kuliko wenzake,
glasi inacheza humo kama jino la mtoto wa miaka sita.

"Anza kushoto," anasema Nkwimba.
"Aanze anapotaka," anasema Kokubelwa.
Nami nimekaa katikati yao, hapa Igombe, juu ya jiwe
lililokunywa jua tangu asubuhi
na sasa linanirudishia mapajani.

Ulezi kwanza.
Rangi yake ni ya ziwa baada ya mvua ya siku mbili,
povu lake lina haraka, kama mgeni aliyeacha chungu jikoni.
Inapita ulimini bila hodi.
Hodi inaipiga kooni.

Ya pili ni rubisi. Ndizi zimevuka na meli toka Bukoba,
Kokubelwa akazifukia mwenyewe, akazikamua mwenyewe,
hataki mtu amsaidie hata kushika nyasi.
Tamu mbele, kali nyuma,
barua ya shemeji anayedai.

Ya tatu ina asali.
Nyuki mmoja anatua ukingoni mwa glasi
kudai mali ya ukoo wake.
Namwachia tone. Anaondoka kwa mwendo wa mashaka.

Ya nne, mtama na ukwaju:
uso wangu unajikunja wenyewe, jicho moja linafunga duka.
Wanacheka wote wawili,
na kicheko kile kinanishtua kuliko ukwaju,
maana nawajua. Miaka minane soko la Kirumba,
huyu akisema yule anatia sukari,
yule akisema huyu anatia maji,
na wateja wakibeba maneno huku na huko
pamoja na madumu.

Halafu ule usiku wa Februari
umeme ukakatika, ukarudi kwa hasira,
banda la Nkwimba likawaka mpaka popo wakahama.
Wa kwanza kufika na ndoo
alikuwa peku, kitenge amekifunga ndani nje,
na hakuna aliyethubutu kumtaja kwa jina
mpaka moto ulipozimika.

Yakapona magunia matatu ya kimea,
yameingia moshi hadi punje ya mwisho.
"Tupa," wakasema majirani.
Kokubelwa akatafuna punje moja. Akatafuna ya pili.
Akatema. Akachukua ya tatu.
"Usitupe."

Ndiyo hii, tundu la tano. Haina jina.
Nyeusi, lakini ukiiinua juani
kuna wekundu chini, kama kaa lililojificha jivuni.
Moshi unatangulia,
ndizi inakuja nyuma yake imenyamaza,
halafu mtama, halafu, mbali kabisa,
nikisema kweli,
kitu kama pipa la plastiki lililoyeyuka.
Hicho nakimeza nacho.

Wananitazama.
Nkwimba anasugua kidole chenye kovu jipya.
Kokubelwa anajifanya anahesabu korongo majini.
Mimi najua habari za mgema na sifa,
na nani hutia maji baada ya nani kusema nini,
kwa hiyo nauma ulimi, nauliza tu:
"Yamebaki magunia mangapi?"

"Moja."

"Na likiisha?"

Upepo unageuza ukurasa wa ziwa.
Nkwimba anamtazama mwenzake, taratibu,
kuanzia miguuni, ile miguu,
kisha anatazama paa la makuti nyuma ya mwenzake.

"Banda langu," anasema Kokubelwa, "lisiguswe."

Naisukuma glasi mbele. Inatikisika tunduni, inalia kidogo.
Nkwimba anaijaza hadi juu.
Sijamwomba.